Fainali ipigwe siku gani? Maswali ambayo wasee huuliza kila msimu ukiisha

Haya maswali nimeyasikia kwa kibanda cha kuangalia mpira hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, mpaka nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja. Kila Mei na kila mashindano makubwa yakikaribia ni yale yale, ati mbona wameweka Jumapili, mbona usiku hivyo, mbona Jumatano. Nimeyakusanya pamoja, na kama jibu liko kwa swali lingine nitakutuma huko, sitarudia.

## Ya mwanzo mwanzo

Bila kuzunguka, siku gani ndo inafaa fainali kubwa?

Jumamosi, mpira uanze saa moja jioni yetu.

Mimi siku ya fainali naipima na kesho yake. Fainali haiishi dakika ya tisini, kuna muda wa ziada, kuna penalti, kuna kupewa kombe, halafu kuna ile saa nzima ya kubishana nje ya kibanda refa alikuwa anaangalia nini. Na kama timu yako imepigwa kuna kulala macho wazi. Sasa kama kesho yake ni Jumatatu na unafaa kuwa kwa stegi saa kumi na moja na nusu asubuhi, hiyo fainali umeilipia mara mbili. Ikiwa Jumamosi, kesho yake ni Jumapili, ukichelewa kanisa hiyo ni kati yako na pasta.

Kati ya siku na saa, gani iko na maana zaidi?

Ukinibana sana nitasema saa. Jumapili ya saa kumi na mbili jioni ni afadhali kuliko Jumamosi ya saa nne usiku, na hapo najua kuna watu tutakosana.

Angalia Kombe la Dunia. Fainali ya 2018 Moscow na ya 2022 Lusail zote zilikuwa Jumapili, na zote zilianza saa kumi na mbili jioni kwetu juu saa za Moscow na za Qatar ni sawa na zetu. Ile ya Argentina na Ufaransa ilienda 3-3 mpaka penalti, watu wakalia, wakaimba, na bado kufika saa tatu na kitu mtu alikuwa kwake anakula. Linganisha na 2014 pale Rio. Kwao ilikuwa saa kumi jioni, kwetu saa nne usiku, Götze wa Ujerumani anafunga dakika ya 113 hapa imeshapita saa sita, Jumatatu imeingia na hujajua bingwa. Jumapili ni ile ile, mateso tofauti.

Mbona Kombe la Dunia ni Jumapili kila mara?

Karibu kila mara. Kuna mbili zilitoka nje, ya kwanza kabisa 1930 kule Montevideo ilikuwa Jumatano, na ya 1966 pale Wembley ilikuwa Jumamosi. Zingine zote ni Jumapili, hata ya 2026 iliwekwa Jumapili 19 Julai kule New Jersey, saa tisa mchana kwao, kwetu saa nne usiku.

Nchi nyingi Jumapili ndo siku watu wengi wako nyumbani pamoja mbele ya skrini moja, na mashindano ya mwezi mzima yanataka kumalizia hapo. Shida ni dunia ina saa nyingi. Jumapili mchana ya mwenye kuandaa ni Jumapili usiku ya mtu wa Pipeline.

Na hiyo ya 1966 ilienda Jumamosi kwa nini?

Waingereza na Jumamosi ni hadithi ya zamani. Sheria ya viwanda ya 1850 ilifanya wafanyakazi wa viwanda vya nguo waanze kutoka Jumamosi saa nane mchana, na hapo ndo mpira ulipata nafasi yake, mtu anatoka kazini anaenda uwanjani moja kwa moja. Jumapili ilikuwa ya kanisa na ya kutulia. Hata mechi za FA Cup, kombe lao la mtoano, hazikuchezwa Jumapili mpaka Januari 1974, wakati nchi yao ilikuwa na shida ya umeme.

Kwa hivyo ukiona sisi huku Nairobi tumezoea kukaa Jumamosi saa kumi na moja jioni tukiangoja mechi za Uingereza, ujue tunafuata saa ya kutoka ya kiwanda cha nguo cha karne nyingine.

Champions League ilitoka Jumatano lini?

2010. Mashindano yenyewe, ya vilabu bingwa vya Ulaya, yalianza 1955 na yakawekwa katikati ya wiki juu wikendi zilikuwa za ligi. Fainali ya kwanza, 13 Juni 1956 Paris, Real Madrid 4 Reims 3, ilikuwa Jumatano, na hiyo tabia ikashika. Istanbul 2005 Jumatano, Moscow 2008 Jumatano, Roma 2009 Jumatano. Halafu 22 Mei 2010 Madrid, Inter wakapiga Bayern 2-0, na hiyo ikawa Jumamosi. Michel Platini ndo alikuwa rais wa UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, na alisema anataka watoto na familia waweze kwenda uwanjani.

Kitu walichelewa kurekebisha ni saa. Miaka yote hiyo ilibaki saa tatu usiku yao, saa nne yetu. Ya 2026 Budapest ndo wakaamua kuisongesha mpaka saa kumi na mbili jioni yao, yaani saa moja jioni Nairobi. Walipotangaza nilisoma mara mbili nikadhani ni utani.

## Siku moja moja tukizipima

Jumatano ina ubaya gani? Watu si walizoea?

Walizoea, ndio, na Europa League, kombe la pili la vilabu vya Ulaya, bado iko hapo hapo Jumatano. Wacha nikuambie 21 Mei 2025.

Kule Bilbao, fainali ya Tottenham (ndo Spurs) na Man U. Mzee wa kibanda alikuwa ameandika kwa ubao na chaki, MAN U v SPURS, SAA NNE, 50/=, na chini yake kwa herufi ndogo, HAKUNA KUSIMAMA MLANGONI. Mimi ni wa Man U, nisamehewe. Shifti yangu huanza saa moja asubuhi godauni moja Industrial Area, kwa hivyo nilikuwa nimepiga hesabu, mpira uishe saa sita kasoro, nilale masaa manne na nusu, niko sawa.

Goli likaingia dakika ya 42, na hata halikuwa goli la kuheshimika, mpira umemgonga Shaw wetu, Johnson wa Spurs akaugusa kidogo ukajikokota ndani. Kipindi cha pili tulikaa kwa hizo benchi za mbao tumeshika vichwa. Højlund wetu akapiga kichwa, golikipa amepitwa, tukasimama wote, van de Ven wa Spurs akaruka kama mtu anaanua nguo kwa kamba akautoa kwa laini. 1-0 ikaisha hivyo. Nililala saa nane. Asubuhi kwa matatu nilihesabu jezi nyekundu tatu na hakuna mwenye aliongea hata mmoja, makanga mwenyewe alikuwa anaitisha nauli kwa sauti ya chini kama kwa matanga. Kufika saa nne nilikuwa nimepakia mzigo wa Thika kwa lori la Machakos, supavaiza akaniangalia tu, akasema, "Wewe ni Man U, sindio?"

Hiyo ndo Jumatano. Na wale wa Arsenal wako na ya kwao ya 29 Mei 2019, Baku, wakapigwa 4-1 na Chelsea, Jumatano hiyo hiyo.

Si Ijumaa ingekuwa poa? Kesho yake ni Jumamosi.

Kwa makaratasi ndio. AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2019 fainali ilikuwa Ijumaa 19 Julai Cairo, Algeria 1 Senegal 0, na Misri inaeleweka juu wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Hata Euro 1992, ile Denmark walibeba baada ya kuitwa dakika za mwisho, fainali ilikuwa Ijumaa.

Nairobi Ijumaa ina shida ya barabara. Umeshawahi kuwa Mombasa Road Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa kumi na mbili jioni? Mshahara umeingia, kila mtu ako na gari ama ako ndani ya gari, na mvua ikinyesha kidogo basi. Mechi ya saa moja utaisikiza kwa redio ya dereva ukiwa umekwama. Na fundi wa mjengo Jumamosi anaenda kazi kama kawaida, hiyo "kesho ni wikendi" ni ya watu wa ofisi.

Jumapili basi tuseme ni mbaya kabisa?

Hapana. Jumapili ya mchana ama jioni mapema ni siku tamu. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 2023, Uhispania na Uingereza kule Sydney, ilianza saa saba mchana kwetu, watu wakitoka kanisa na nguo zao nzuri wanaingia kibanda moja kwa moja, mama wako na vitambaa kichwani, watoto wako na njugu. Sijawahi ona kibanda kikiwa na adabu hivyo. Ubaya wa Jumapili uko usiku, na hiyo nimeshaisema kwa swali la siku na saa.

Jumatatu, Jumanne, Alhamisi?

Jumanne na Alhamisi sina la kusema, ni Jumatano zenye zimevaa jina lingine.

Jumatatu imewahi kutumika, fainali ya CAF Champions League 2022, ile ya vilabu vya Afrika, Wydad 2 Al Ahly 0, Casablanca, 30 Mei. Lakini Jumatatu yangu niipendayo ni ya 1960. Fainali ya kwanza ya Euro ilianza Jumapili usiku Paris, Urusi ya Kisovieti na Yugoslavia, ikaenda muda wa ziada, na goli la ushindi likafungwa dakika ya 113 (kama la Götze!) wakati Moscow saa sita imepita na ni Jumatatu. Mfungaji anaitwa Viktor Ponedelnik. Kwa Kirusi hilo jina maana yake ni Jumatatu. Jumatatu kafunga Jumatatu.

## Tukiandaa sisi wenyewe

Kwa mtu anaenda uwanjani, jibu ni lile lile la Jumamosi saa moja?

Hapo nalegeza. Mtu wa uwanjani ako na shida yenye mtu wa kibanda hana, nayo ni kurudi nyumbani. Ukitoka Kasarani na watu maelfu mara moja, wote mnataka matatu za Thika Road, saa tano usiku, nauli inapanda ukiiangalia. Kwa huyo mtu Jumapili saa tisa mchana ndo dawa, saa kumi na mbili ako njiani na bado kuna mwanga.

CHAN ya Agosti 2025, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, ilitufundisha. Harambee Stars walicheza Jumapili tatu pale Kasarani, zote saa tisa, wakapiga DR Congo 1-0, Morocco 1-0, Zambia 1-0. Alhamisi ya tarehe 7 usiku wakatoka 1-1 na Angola. Ijumaa ya tarehe 22, robo fainali, 1-1 na Madagascar, tukatolewa kwa penalti. Kuna mse kwa ploti yetu anaapa kwamba Kenya ni timu ya Jumapili, na kwa mtu ambaye ushahidi wake ni mechi tano anaongea kwa sauti kubwa sana.

Fainali ya CHAN ilikuwa siku gani?

Jumamosi 30 Agosti, Kasarani, saa kumi na mbili jioni. Morocco 3 Madagascar 2, ile ya mwisho Lamlioui aliipiga akiwa mbali mpaka watu waliokuwa wanatafuta simu mfukoni hawakuiona. Tulikuwa tumeshatolewa na bado ilikuwa jioni safi, kufika saa tatu usiku watu wako nje wanakula mutura. Mtu akiniuliza mfano wa siku iliyopangwa vizuri, namwonyesha hiyo.

AFCON 2027 je?

Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, kwa hivyo angalau saa zetu zote ni sawa, hakuna mtu atapiga hesabu ya vidole. Maoni yangu: mechi za makundi za Kenya zenye zitaangukia wikendi ziwekwe mchana, za katikati ya wiki zianze saa moja jioni, isifike saa nne. Najua televisheni za nje ziko na pesa na zitataka usiku. Lakini kama kombe liko kwetu, mtoto wa Githurai aone mechi bila kubebwa mgongoni akirudi.

## Dini, shule na kazi

Jumamosi si ni Sabato? Wasabato mmewasahau?

Hili huulizwa sana, hasa na mashabiki wa Gor Mahia, na wako na haki. Ndo maana nasema saa moja jioni na si saa kumi. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, Sabato inaisha na jua, mtu anafunga Biblia anatembea polepole mpaka kibandani na bado anapata benchi. Nina jirani Msabato, hiyo fainali ya saa nne usiku haikuwa inamsumbua, ya saa moja pia haitamsumbua, lakini FA Cup ya 2025 iliyoanza saa kumi na mbili na nusu alikosa dakika za kwanza na goli la Crystal Palace likaingia dakika ya 16. Alifika likiwa bado linarudiwa kwa skrini.

Kwa Waislamu, siku yenye mgongano ni Ijumaa mchana, na hakuna mtu anataka fainali Ijumaa mchana. Ikiwa Ramadhani basi saa moja jioni ni baada ya kufuturu, inaingiana pia.

Watoto wa shule?

Jumamosi jioni ndo pekee inawafaa bila vita nyumbani. Jumapili usiku kuna homuweki haijaguswa tangu Ijumaa na kuna kuamshwa saa kumi na moja kungoja basi la shule.

Na sisi wenye hatuna wikendi? Askari wa geti, manesi, makanga?

Hapa jibu langu linachechemea. Askari wa usiku huingia saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo saa moja yangu tamu inamkuta kwa geti, Jumamosi ama siku nyingine yoyote. Yule wa ploti yetu ako na karedio kadogo amefunga na mpira wa ndani ya tairi, na bado ukipita anakuuliza "ngapi ngapi?" kuhakikisha. Yeye aliniambia siku nzuri ya fainali ni siku yake ya ofu, na hiyo hubadilika kila wiki. Sikuwa na la kumjibu.

## Mambo ya pembeni

Fainali ikiangukia siku ya mapumziko?

Raha. Fainali ya Champions League 2019, Liverpool na Tottenham, ilikuwa Jumamosi 1 Juni, Madaraka Dei kabisa. 2024 ikarudia, Real Madrid na Dortmund, Jumamosi 1 Juni. Ya 2025, PSG 5 Inter 0, ilikuwa Jumamosi 31 Mei na Madaraka ikaangukia Jumapili, na sheria yetu ni kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili basi Jumatatu inakuwa mapumziko. Siku mbili za kupona baada ya fainali. Wale wa Inter walizihitaji.

Wameandika "Jumapili saa 9 usiku", ni usiku gani?

Hii imewapoteza wengi. Copa América 2024, Argentina na Colombia kule Miami, ilikuwa Jumapili jioni kwao na kwetu saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Kuna watu waliamka usiku wa Jumamosi wakapata matangazo ya dawa za nywele. Ukiona saa yoyote baada ya saa sita usiku, uliza "kuamkia siku gani", usiulize siku tu. Na hiyo mechi yenyewe ilichelewa zaidi ya saa nzima juu ya fujo kwa mageti, kwa hivyo hata walioamka siku sahihi waliteseka.

Baa si hufungwa?

Kwa ile sheria ya pombe ya 2010 ambayo watu huiita ya Mututho, baa za kawaida zinafaa kufunga saa tano usiku, wikendi pia. Mechi ya saa nne hapo ni mapumziko ndo yanakaribia kuisha. Ndio, najua vile mlango hufungwa kwa ndani. Lakini kuangalia kipindi cha pili ukisikiza kama kuna landikruza ya polisi imesimama nje si kuangalia mpira.

Mbona ploti ya pili wanashangilia goli kabla yetu?

Hiyo haina siku, ni dikoda na simu. Wenye dikoda wanaona mbele, wewe wa kutiririsha kwa data uko nyuma sekunde kadhaa, na usiku wa mechi kubwa kila mtu yuko kwa mtandao inazidi. Huku Pipeline ploti zimebanana hivi, utasikia goli kutoka gorofa ya nne ng'ambo na kwa simu yako mpira bado uko kwa golikipa. Dawa ni kwenda kibandani.

Na kama tayari wameweka siku mbaya?

Omba ofu mapema, wiki mbili, usingoje siku yenyewe uanze kukohoa kwa simu, bosi pia huangalia ratiba. Badilishana shifti na mtu wa timu isiyocheza, watu wa Chelsea huwa wepesi kukubali siku hizi. Na tokeni za stima nunua asubuhi, mimi nilinunua kipindi cha pili kinaanza, meseji ya zile namba ishirini ikaingia wakati wanavishwa medali.